Mtunda Ijenge kwa Kalenda ya Nani?

Fedha za darasa zikiingia kwenye akaunti ya shule mwezi Machi, mwalimu mkuu anafurahi siku moja. Kesho yake anatazama mawingu. Masika imebisha hodi, barabara ya vumbi imeanza kugeuka tope, na mwaka wa fedha wa serikali unafungwa tarehe 30 Juni. Amebakiwa na miezi mitatu na ushei ya kujenga, na karibu yote ni miezi ya maji. Hapo ndipo ubishi wa makala haya unapoanzia.

Mtunda ni kata ya Wilaya ya Kibiti, Mkoa wa Pwani, kaskazini mwa mto Rufiji, katika nchi inayoteremka kuelekea bondeni na deltani. Kijiji cha huku kinaishi kwa mpunga wa bondeni, mikorosho na ufuta wa juu, na samaki. Kama kwingine Tanzania, madarasa na zahanati siku hizi hujengwa kwa fosi akaunti, yaani bila mkandarasi. Fedha huletwa hadi shuleni au kijijini, wananchi huunda kamati ya ujenzi, ya manunuzi na ya mapokezi, fundi wa kawaida hupewa kazi ya ufundi, na mhandisi wa halmashauri husimamia.

Kikao kilichomo humu nimekibuni mimi, ndiyo maana wasemaji hawana majina. Mradi wao ni wa mfano: madarasa mawili, milioni 20 kila moja, kiwango cha mpango wa UVIKO-19 wa mwaka 2021. Hoja zenyewe ni zile zinazobishaniwa popote panapojengwa kwa njia hii. Nami nitaingilia kati, maana katika jambo hili nina upande.

MHANDISI: Shikamoo mzee. Ndugu zangu, habari za saa hizi. Niseme mapema ili tusipoteze muda. Fedha ni milioni 40, madarasa ni mawili, na tarehe ya mwisho ni 30 Juni. Najua mtaniambia habari ya mvua. Mvua ipo kila mwaka. Mradi usio na tarehe hauishi, na ushahidi mnao wenyewe. Tangu MMEM, mpango wa elimu ya msingi wa 2002, ukaja MMES wa sekondari, ukaja MMAM wa afya wa 2007 ulioahidi zahanati kila kijiji, wananchi nchi nzima walichangishwa, wakapandisha kuta hadi lenta, kisha basi. Yale maboma yamesimama miaka na miaka bila bati, mvua inayala, miti inaotea ndani. Serikali imelazimika kurudi nyuma na kutoa milioni 12.5 kukamilisha boma la darasa na milioni 50 kukamilisha boma la zahanati. Kilichokosekana kwenye maboma yale ni mtu wa kusema: siku fulani, saa fulani, kazi iwe imekwisha.

MZEE: Marahaba, mwanangu. Endelea, tunakusikiliza.

MHANDISI: Ahsante mzee. Sasa tazameni mwaka 2021. Serikali ilipata mkopo wa trilioni 1.3 kutoka Shirika la Fedha la Kimataifa, ikaamua kujenga madarasa 15,000: 12,000 ya sekondari na 3,000 ya vituo shikizi. Mpango ulizinduliwa Oktoba. Januari 2022 watoto wa kidato cha kwanza wakaingia darasani. Ulikuwa msimu wa vuli, walimu walikuwa walewale, mafundi walewale, kamati zilezile. Tofauti ilikuwa tarehe, na kila mkuu wa wilaya akiulizwa tarehe hiyo asubuhi na jioni. Kwa hiyo mimi siiogopi 30 Juni. Naiona kama msaada.

MWALIMU MKUU: Injinia, hoja yako ya maboma naikubali yote. Mimi si mtu wa kutetea uchelewaji. Ninachokuuliza ni hiki: tarehe ya kumaliza tunayo, ya kuanza iko wapi? Hatujui fedha zitaingia Agosti, Novemba au Machi. Mradi una ncha mbili, na nyinyi mmefunga ncha moja tu. Zikija Agosti, nina miezi kumi. Zikija Machi, nina mitatu. Lakini karatasi ya kazi ni ileile, idadi ya mifuko ya saruji ni ileile, na tarehe ni ileile. Halafu mimi nilisomea ualimu. Nasimamia kamati tatu, nasaini malipo, nahakiki nondo, na vipindi vyangu darasani vinanisubiri. Nikivuka Juni, fedha zinarudi Hazina, na mimi ndiye ninayeandikiwa barua.

MHANDISI: Utaratibu wa kuomba bakaa upo, Mwalimu.

MWALIMU MKUU: Upo, na naujua. Lakini fedha zikisharudi juu, kuteremka tena kunachukua muda wake. Fundi ameondoka, mchanga umechukuliwa na mvua, bei ya saruji imebadilika. Naanza upya na fedha zilezile.

Nimekaa na maneno hayo ya Mwalimu, kwa sababu vitabu vya usimamizi wa miradi huhimiza sana tarehe ya kumaliza. Katika nchi ya bonde la mto, tarehe ya kuanza ndiyo inayoamua. Ukianza msingi wa jengo Septemba unajenga jengo. Ukianza Aprili unaanza kwa kupigana na maji, na jengo linakuja baadaye kama fedha zitakuwa zimebaki. Fundi alieleze hilo mwenyewe, maana yeye ndiye anayesimama shimoni.

FUNDI: Injinia, nakuheshimu, tumefanya kazi nyingi pamoja. Lakini nikwambie msingi wa Aprili ukoje. Unachimba asubuhi, futi tatu, unanyoosha kingo vizuri. Usiku mvua inapiga. Asubuhi unakuta mtaro umejaa, kingo zimebomokea ndani. Vijana wanachota kwa ndoo mpaka saa nne. Chini kumebaki uji. Sheria inasema toa ule uji mpaka ukute udongo mgumu, ndipo umwage zege jembamba, ndipo upange mawe. Sawa, natoa. Lakini kila ninapotoa, mtaro unazidi kina na upana, na mawe na saruji vinazidi. Hayo mazidio hayamo kwenye makisio yako. Basi mtu afanyeje? Anayeogopa tarehe anamwaga zege juu ya uji. Ukuta unapanda, bati linapigwa, wageni wanakuja, picha zinapigwa. Kiangazi kikiingia, ule mfinyanzi unakauka, unajikunja, na ukuta unachanika kutoka kona ya dirisha mpaka chini.

MHANDISI: Udongo wa mfinyanzi unatambulika. Ndiyo maana kabla ya kuchimba tunapima eneo.

FUNDI: Unatambulika, ndiyo. Upande wa juu huku kuna mchanga, ukishuka kidogo ni mfinyanzi, na ramani inayokuja ni moja. Na kuna jambo la matofali. Tofali la saruji linataka kumwagiliwa maji na kukaa, siku saba kwa uchache, na zege linahesabiwa ukomavu wake kwa siku 28. Mwezi wa sita ukikaribia, tofali limefyatuliwa Jumatatu, Alhamisi linapanda ukutani. Ukilibeba, kona inabaki mkononi. Simlaumu mtu. Nasema tu kwamba saruji haijui kama kuna 30 Juni.

MHANDISI: Fundi, hayo yote yana dawa. Matofali yafyatuliwe chini ya banda. Saruji inunuliwe kwa awamu, isirundikwe. Eneo liinuliwe kwa kifusi kwanza. Dar es Salaam wanajenga Januari mpaka Desemba, masika haiwasimamishi.

FUNDI: Dar es Salaam lami inafika mlangoni mwa saiti. Mfuko ukipungua saa tatu, saa nne bodaboda ameleta. Hapa mvua ikinyesha siku mbili, lori linakaa njiani na wewe unakaa na vijana kumi wanaotaka kula.

Njia ndiyo gharama inayofichwa kuliko zote. Mtunda bado ina nafuu: lori hufika, ingawa si siku zote. Ukienda kwenye kata za deltani zenyewe, Kiongoroni, Maparoni, Msala, Mbuchi na Salale, mfuko wa saruji hushushwa kwenye lori ukapakiwa kwenye mashua, kisha ukabebwa begani. Viko vijito vya mikokoni ambavyo chombo kilichosheheni hakipiti wakati wa maji mafu. Nahodha husubiri bamvu, maji yajae ndipo apenye, na akikosea saa, maji yakipwa anabaki ameketi juu ya tope na mzigo wake juani au mvuani. Mhandisi anayepanga ratiba ya kazi huko bila kujua mwezi uko siku ya ngapi, ratiba yake haina maana. Hata hivyo darasa la huko na la Kibiti mjini, penye lami ya barabara ya Kilwa, katika mpango wa 2021 yote yaliandikiwa milioni 20. Tofauti inalipwa na nani? Inalipwa na ukuta, kwa saruji iliyopunguzwa, au na mwananchi, kwa mchango ambao haukuandikwa popote.

MHANDISI: Kiwango kimoja kina sababu, na ningeomba mwandishi asikipite haraka hivyo. Milioni 20 ni kinga ya mwananchi. Mama wa kijijini anajua darasa ni milioni 20. Anaweza kusimama kwenye mkutano mkuu wa kijiji akauliza: iko wapi? Siku mtakaposema kila mahali pawe na bei yake, kila kijiji kitakuwa kisiwa. Kila mtu atadai njia yake mbovu, kila mtu ana bahari yake. Ripoti za Mkaguzi Mkuu, CAG, kuhusu fosi akaunti mmezisikia, manunuzi yasiyo na stakabadhi, vifaa visivyopokelewa na kamati. Mkilegeza bei, mmefungua mlango.

MAMA WA KAMATI YA MAPOKEZI: Hapo namuunga mkono Injinia, tena kwa moyo wote. Bei moja inatusaidia sisi tusiosoma makisio. Lakini, mwanangu, bei ya darasa ni jambo moja na bei ya kubeba ni jambo jingine. Darasa liwe milioni 20 kila mahali. Kubeba kuandikwe mstari wake peke yake: kilometa ngapi za vumbi, mashua ngapi, wabebaji wangapi. Hayo yanahesabika. Mashua inahesabika, haifichiki. Mnapoficha kubeba ndani ya bei ya darasa, ndipo mnapomfundisha mtu kuiba, maana lazima atoe mahali.

MHANDISI: Nani atahakiki huo mstari?

MAMA: Sisi tunaopokea. Nikwambie tunavyopokea mchanga. Lori likija, dereva anasema tripu, lipa. Kamati isiyojua inalipa. Sisi tunashusha futi kamba, tunapima bodi: urefu, upana, kimo cha mchanga ulipofika pembeni, si pale katikati alipouchongea kilima. Halafu nashika mchanga mkononi naukamua. Mchanga wenye unyevu unavimba, unajaza lori, ukikauka unapungua. Na huwa tunautia kwenye chupa ya maji na kuitikisa, tunaiacha itulie. Mchanga unakaa chini, udongo unajipanga juu yake. Tabaka la udongo likiwa nene, lori linarudi. Nondo nazo, ya milimita 10 na ya 12 zikiwa juani mtu mzima anadanganyika, kwa hiyo tunapima kila fungu. Saruji hatuigusishi sakafu wala ukuta. Tunatandika mbao chini, na kila asubuhi nabinya mifuko ya pembeni. Donge likivunjika kwa vidole, mfuko huo tunautumia kwanza. Lisipovunjika, mfuko huo hauendi kwenye nguzo. Mtu anayeweza kuhesabu hayo atashindwa kuhesabu mashua?

Sijui hoja bora kuliko hiyo juu ya nani asimamie fedha za umma kijijini. Wengi hudhani fosi akaunti ni nafuu kwa kuwa haina faida ya mkandarasi. Nafuu hiyo ipo. Ila mkandarasi pia alikuwa na mtunza stoo, msimamizi wa saiti na mpanga ratiba. Tulipomwondoa, kazi zao hazikuondoka. Ziliwaangukia mwalimu mkuu na mama wa kamati, ambao hatukuwalipa, na mara nyingi hatukuwafundisha. Wapo walioziweza vizuri kama huyu. Ni dhulma kuendelea kutegemea bahati ya kupata mtu kama huyu.

MZEE: Mimi nimekaa kimya kwa sababu mnazungumza fedha, na fedha si yangu. Sasa niseme ya maji. Nilikuwa mtoto mwaka 1968 mto ulipofurika ukachukua chakula na nyumba bondeni. Ndipo serikali ikaja na Operesheni Rufiji, ikatuhamishia juu, ikatuambia huku ndiko salama, kutakuwa na shule na zahanati. Tukapanda. Lakini shamba halikupanda nasi. Mpunga uko bondeni. Maji yakiondoka, kwenye ule unyevu tunalima mlau, yaani mahindi na kunde. Wakati wa kulinda mpunga tunahamia kwenye dungu, tunalala juu ya nguzo, chini kuna nguruwe na viboko. Sasa wewe, mwanangu, unakuja na karatasi imeandikwa nguvu za wananchi: kuchimba msingi, kusomba mchanga, kuteka maji. Wananchi wa mwezi gani? Ukija Juni, wako kwenye mavuno. Ukija Februari, wako kwenye palizi. Unapiga mbiu, wanakuja wazee na watoto, unaandika kwamba watu wa Mtunda hawapendi maendeleo.

MHANDISI: Mzee, hilo sijaliandika mimi.

MZEE: Sijasema wewe. Nasema limeandikwa. Na kuna jambo la pili. Kabla ya kuchora mstari wa msingi, ulizeni maji yalifika wapi. Aprili 2024 Rufiji na Kibiti tuliyaona. Yaliacha alama kwenye miti na kwenye kuta, na waliokuwepo wapo. Mtu akikuonyesha alama hiyo, jenga juu yake. Kiwanja cha bure kilichopo chini, kikiwa karibu na barabara na kimesawazika, kina sababu ya kuwa cha bure.

MWALIMU MKUU: Mzee, kwa hiyo tuanze lini? Mimi nilidhani Julai, mvua zimeisha, barabara imekauka.

MZEE: Julai mpunga bado unapurwa. Agosti watu wanapumua. Agosti, Septemba, mpaka korosho zianze kudondoka.

MAMA: Mzee, samahani, ngoja niongeze. Kiangazi mnakisifia kwa sababu ya barabara. Sisi wanawake ndio tunaoteka maji ya zege. Septemba visima vya karibu vimepungua, maji yako mbali, na zege linataka maji asubuhi na jioni. Ndoo ishirini za zege ni ndoo ishirini ambazo hazikwenda jikoni. Kazi hiyo kwenye makisio imeandikwa nini? Haimo. Kama mnataka tujenge kiangazi, na mimi nataka, basi tenki la maji na mtu wa kuleta maji viwe sehemu ya mradi, si sehemu ya migongo yetu. Na michango ya fedha msije kuidai Februari nyumba ikiwa haina kitu. Ngojeni minada ya korosho, Oktoba na kuendelea. Ufuta unauzwa Juni na Julai. Mtu akiwa na fedha hatoroki mkutano.

Ukizichanganya sauti hizi tatu za mwisho unapata kalenda kamili ya mradi, na hakuna hata moja kati yao iliyowahi kuketi kwenye darasa la usimamizi. Juni na Julai ni za kuchagua kiwanja, kuchimba mashimo ya majaribio, kupata bei za vifaa na kuleta mawe, mchanga na kokoto wakati barabara inakauka. Julai mwishoni na Agosti ni za kufyatua matofali na kuyamwagilia maji mpaka yakomae. Agosti na Septemba watu wana nafasi, msingi na kuta vinapanda. Oktoba ni ya kenchi na bati, kabla vuli haijachanganya. Plasta, sakafu, milango na rangi ni kazi za ndani, hata mvua ikinyesha nje zinaendelea, na mifuko ya watu ina fedha za korosho. Januari watoto wanaingia. Kalenda hii ina sharti moja: fedha ziwepo Julai.

MHANDISI: Nanyi mnajua kwamba sharti hilo si la Kibiti. Fedha zinatoka kulingana na makusanyo ya nchi, na miradi mingine kwa ratiba ya mkopeshaji. Hakuna mtu wilayani anayeweza kuapa kwamba Julai zitakuwepo. Ninachoweza kukubali ni maandalizi. Kiwanja kichaguliwe mapema, udongo upimwe, kamati ziundwe na zifundishwe, wazabuni wawe wameingia kwenye mfumo wa manunuzi wa NeST, bei ziwe zinajulikana. Fedha zikiingia mwezi wowote, tunaokoa wiki nyingi zinazopotea kwa vikao.

MWALIMU MKUU: Nakubali maandalizi, tena kesho. Lakini ukijiandaa vizuri kisha ukaanza Aprili, bado umeanza Aprili. Injinia, tazama huko juu ya mto wetu huuhuu. Bwawa la Julius Nyerere mkataba wake ulisainiwa Desemba 2018, kazi ikitarajiwa kukamilika Juni 2022. Maji yalianza kujazwa 22 Desemba 2022, mtambo wa kwanza ukaanza kuzalisha umeme Februari 2024, na mitambo yote tisa, megawati 2,115, ilikamilika mwaka 2025. Hakuna aliyesema fedha zirudi kwa sababu Juni 2022 imepita. Nchi ilikubali kwamba mto una nguvu zake na kazi ina hatua zake, ikaongeza muda, na leo umeme tunao. Mimi naishi upande wa chini wa mto huo na sioni kosa hapo. Naomba tu darasa la Mtunda lipewe heshima iliyopewa bwawa.

MHANDISI: Bwawa lina mkataba wa miaka mingi na wakandarasi wa Misri. Darasa ni fedha za mwaka mmoja. Ni sheria mbili tofauti.

MWALIMU MKUU: Ndiyo. Basi tuombe mradi wa bondeni uandikwe wa miaka miwili ya fedha tangu mwanzo. Mwaka wa kwanza kiwanja, msingi na vifaa. Wa pili kuta na bati. Kila mwaka una fungu lake linaloisha Juni. Hapo sheria haijavunjwa.

MHANDISI: Na ukipata fungu la kwanza ukakosa la pili? Una boma jingine. Tumerudi tulipoanzia, Mwalimu.

Hapo Mhandisi ana haki, na sitaki kulipaka rangi. Hofu yake ya maboma imejengwa juu ya maelfu ya kuta zilizokosa paa. Mradi wa miaka miwili bila fungu la pili lililofungwa kwa maandishi ni boma lililopangwa. Nisingemshauri diwani yeyote aukubali bila uhakika huo.

Ila nina jambo la kumjibu kuhusu 2021. Madarasa 15,000 yalijengwa kwa miezi michache, ni kweli, na ni kazi kubwa. Yalijengwa hivyo kwa sababu fedha zilitoka kwa pamoja na zikajulikana tarehe. Oktoba ilikuwa tarehe ya kuanza kama Desemba ilivyokuwa tarehe ya kumaliza. Yaani mfano wake unamsaidia Mwalimu kuliko unavyomsaidia yeye.

FUNDI: Niulize jambo dogo. Kama fedha zikija Machi, na hatuwezi kuzizuia, kuna kazi gani ya Machi ambayo si msingi?

MHANDISI: Kununua vifaa vya bati, mbao, milango, madirisha. Kutengeneza madawati. Hata kulipia nondo na saruji kwa muuzaji, tukachukua kwa awamu kwa hati ya makabidhiano.

FUNDI: Basi andika hivyo. Andika kwamba kuanzia Machi mpaka Mei Mtunda hakuchimbwi msingi. Mbao nitazipaka dawa, kenchi nitazipiga bandani, fremu nitaziweka tayari. Fedha zitakuwa zimetumika kihalali kabla ya Juni, na ardhi tutaigusa ikikauka. Mimi sitaki zaidi ya hapo.

MAMA: Na hivyo vitu vitalala wapi miezi mitatu? Nani analinda?

FUNDI: Shuleni, mama. Na wewe ndiye mwenye ufunguo.

MAMA: Basi stoo ijengwe kwanza, yenye sakafu iliyoinuka. Na mlinzi alipwe.

MZEE: Daraja la Mkapa pale Ndundu lilipofunguliwa mwaka 2003, sisi tuliozoea kulala foleni ya pantoni tulishangaa urefu wake, karibu kilometa moja. Wapo waliouliza kwa nini refu hivyo wakati mto wa kiangazi ni mwembamba. Wahandisi walikuwa wameujengea mto wa masika. Ninyi mkifanya darasa kama walivyofanya daraja, mimi sina ugomvi.

Mhandisi na Mwalimu hawakupatana juu ya miaka miwili, na sitawapatanisha kwa nguvu. Ila kuna mambo matatu ambayo wote watano, kila mmoja kwa njia yake, hawakuyapinga, na yote yako ndani ya uwezo wa halmashauri bila kusubiri sheria mpya. Kwanza, makisio ya kila mradi wa bondeni na deltani yawe na mstari wa kubeba na mstari wa maji, nje ya bei ya darasa, ikihakikiwa na kamati ya mapokezi. Pili, ramani isipewe kiwanja mpaka wazee wa kijiji waonyeshe alama ya maji ya 2024, nayo iandikwe kwenye muhtasari wa mkutano. Tatu, msingi usichimbwe kati ya Machi na Mei. Fedha zikiingia miezi hiyo zinunue vifaa na zilipie kazi za bandani, kwa hati.

Na liko la nne, ambalo ni langu. Halmashauri ina mapato yake ya ndani, na ushuru wa ufuta huingia Juni na Julai, wakati uleule barabara inapokauka. Fedha hizo ndizo pekee ambazo Kibiti haisubiri mtu wa Dodoma azitoe. Zitumike kuanzisha kazi za kiangazi, kufyatua matofali na kusomba mawe, ili fedha za serikali kuu zikifika zikute vifaa vimekomaa.

Waheshimiwa madiwani wa Kibiti, mnapoketi kupitisha bajeti, mnauliza mradi gani na shilingi ngapi. Ulizeni na mwezi gani. Mtakapojibiwa "ndani ya mwaka wa fedha", rudisheni karatasi hiyo kwa mtaalamu aandike mwezi.